Ukiwahi Unachelewa

Nilirudi shule nikiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kuuza mitumba na maharage katika soko la Kibondo kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja walinijua kwa sauti kabla ya sura. Chuo kilikuwa Kasulu, na masomo yalikuwa stashahada ya utawala wa huduma za afya. Darasani tulikuwa arobaini na mmoja. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilijiruka mwenyewe. Wenzangu wengi walikuwa wametoka kidato cha nne juzijuzi. Waliniita shangazi, na kila tulipopewa kazi ya kikundi walinisukumia mimi kwenda kuongea na mkufunzi. Waliamini kwamba mtu aliyezoea kuvutana na wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka anaweza kuvutana na yeyote.

Nyumbani walitaka kujua nitakuwa nani. Kaka yangu aliuliza kama nitachoma watu sindano.

"Hapana."

"Utaandika dawa?"

"Hapana."

"Sasa, dada, hospitali utakuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nitahakikisha anayechoma yupo, sindano ipo, na yeye anayechomwa ameitwa. "Kumbe ni unyapara," akasema. Sikubishana. Sokoni mtu akikufikia karibu na bei yako, unafunga mzigo.

Mwaka wa pili tulipelekwa fildi. Mwanafunzi anakaa wiki nane katika kituo cha afya, anatafuta tatizo moja la uendeshaji, anapendekeza namna ya kulitatua na kuandika ripoti. Mwishoni msimamizi wake wa pale kituoni anajaza fomu ya tathmini. Alama za fomu hiyo zisipotosha, fildi imekufa. Mimi yangu ilikuwa imekufa mara moja tayari, mwaka uliotangulia, kwa kukosa siku za kutosha nilipokuwa namuuguza mama. Chuo kilinipa nafasi ya pili, na kikanieleza kwa adabu kabisa kwamba ya tatu haipo. Kwa hiyo niliripoti kituoni nikiwa na shabaha moja tu: kutoka na fomu ile.

Kituo chenyewe kilikuwa upande wa Kibondo, pembeni ya njia iendayo Mabamba. Msimamizi wangu alikuwa muuguzi mkuu wa mapokezi, mama wa makamo, mnene wa mabega, ambaye kila mtu alimwita Sista. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Wewe ndiye mwanafunzi?"

"Ndiyo, Sista."

"Nilidhani umeleta mtoto."

Nikamwambia mtoto hakuweza kuja, nimemwakilisha. Hakucheka, ila alinipa kiti, na kile kituo hakikuwa na viti vya kugawa ovyo.

Sasa nieleze foleni ya pale. Wagonjwa wa huku huja na madaftari ya shule, ambamo mganga huandika. Anayefika kwanza huweka daftari lake kwenye ukingo wa dirisha la mapokezi, anayefuata huweka lake juu ya la mwenzake, na kuendelea. Ukishaweka uko huru: kaote jua, kanyweshe mtoto uji, kawasalimie watu. Daftari ndilo linalosimama foleni kwa niaba yako. Hakuna anayegusa la mwenzake, na juu kabisa huwekwa jiwe kwa ajili ya upepo. Nimeishi katikati ya watu wanaoibiana hata vibanio vya kuanikia nguo, lakini rundo lile sikuwahi kuona mtu akilichezea.

Saa mbili Sista alifungua dirisha, akalipindua rundo lote ili daftari la kwanza lije juu, akaanza kuita na kuandikisha. Wa kwanza aliitwa wa kwanza. Haki tupu.

Mpaka wiki ya pili. Bibi mmoja alinijia nikiwa nafagia karatasi, akapiga makofi taratibu kwa namna ya kwetu ya kumsalimu mtu, nami nikampigia. Alikuwa anatoka karibu na mpaka, anakuja kila mwezi kwa ajili ya presha.

"Daktari," akaniambia. Koti jeupe lilikuwa limenipandisha cheo.

"Mimi ni mwanafunzi tu, bibi."

"Haya, mwanafunzi mzee. Nikuulize. Mimi hufika hapa jogoo hajamaliza kuwika. Daftari langu liko chini kabisa, la kwanza au la pili. Mbona kwa mganga huingia wa mwisho? Kila mwezi. Wale wa hapo ng'ambo ya barabara wanakuja wameshakoga, wameshakunywa chai, na wanatoka kabla yangu. Huku mna wenyewe, siyo?"

Nilimjibu kwamba nitaangalia. Moyoni nilisema ana haki, kuna kujuana hapa. Hata mtaani palikuwa na utani kwamba kwenye kile kituo ukiwahi unachelewa, na watu wa jirani walikuwa wakiufuata bila kujiuliza: walikuja dakika chache kabla ya dirisha kufunguliwa.

Niliogopa. Ripoti niliyokuwa nimeanza kuandika ilihusu usafi wa mazingira, somo salama kuliko yote duniani, kwa kuwa takataka haina mtu wa kununa. Foleni ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye fomu. Lakini ugonjwa wangu wa kuhesabu naujua. Asubuhi iliyofuata nilikaa na karatasi, nikaandika nani kafika wa ngapi dirishani, kisha nikaenda kukaa nje ya mlango wa mganga, nikaandika nani kaingia wa ngapi. Mambo yalikuwa yamegeuka kama shati lililovuliwa kwa haraka. Nikahesabu tena siku ya pili, maana siku moja inaweza kuwa bahati. Siku ya tatu nikahesabu kwa sababu sikupenda majibu ya siku ya pili.

Nilimfuatilia Sista kwa macho nikitafuta upendeleo. Sikuuona. Hakuruka mtu, hakumkonyeza mtu. Ndipo nikakumbuka jinsi tunavyopakia fuso: gunia linaloingia la mwisho ndilo linaloshuka la kwanza. Nikaitazama mikono yake. Alichukua daftari la kwanza, akaliandikisha, akaliweka pembeni. La pili akaliweka juu yake. La tatu juu ya hilo. Walipoisha wote, la kwanza lilikuwa chini tena. Rundo likabebwa hivyohivyo kwenda chumba cha presha na uzito, na muuguzi wa kule, kama mtu yeyote mwenye akili, alianza na la juu, na kila aliyepimwa akaenda moja kwa moja kwa mganga. Bibi wa mpakani alikuwa amelaliwa na madaftari thelathini, na hapakuwa na mtu hata mmoja mbaya.

Nilisubiri wagonjwa waishe, nikafunga mlango.

"Sista, naomba kukuonyesha kitu. Ukikikataa, nitarudi kwenye takataka zangu."

Nikampa madaftari kumi mapya kutoka kabatini, nimeyaandika namba kwa penseli. Nikamwomba afanye kama anavyofanya kila siku. Akafanya, huku akinung'unika.

"Sasa uko chumba cha presha. Unaanza na lipi?"

Akanyanyua la juu. Kumi. La pili, tisa. Akayaweka chini yote na kuvua miwani.

"Umeuza dagaa miaka mingapi?"

"Mitumba, Sista. Na maharage."

"Na leo unanifundisha dirisha. Dirisha hili nimelikuta la mbao, nikaona linatolewa, nikaona linawekwa la vioo."

"Hakuna aliyekosea. Rundo ndilo linalojigeuza."

"Lakini ripoti yako itaandika mapokezi."

Hapo ndipo tulipofikia bei. Ningeweza kusema hapana haraka, lakini mtu akiuza haraka mnunuzi hushtuka. Nikamwambia nitaandika kilichopo: kwamba wanaoandikisha hufuata haki, na kwamba madaftari yanapopita mkono hadi mkono hujipindua. Akaniuliza kama nitaandika pia kwamba tatizo amelipata yeye. Nikasema hapana, tutaandika tumelipata wote, hata kama tunajua ni nani. Akakohoa. Nadhani kilikuwa kicheko.

"Basi kesho nitalipindua kabla ya kulipeleka," akasema. "Na usimwambie Mfawidhi kwanza. Tuone."

Mganga Mfawidhi ndiye mkuu wa kituo. Sikumwambia. Ila, kwa uhodari wangu wa kuhakikisha kila kitu mara mbili, nilipita chumba cha presha jioni ileile nikamweleza muuguzi wa kule naye: rundo likifika, lipindue. Niliona nafunga kamba ya pili. Sikumwambia Sista.

Siku iliyofuata mkufunzi wangu alikuja kutoka Kasulu kukagua, na Mfawidhi akaungana naye. Sista, kwa fahari, aliwaeleza kwamba tumegundua jambo na tumelirekebisha, waje waone. Akalipindua rundo mbele yao kama mtu anayegeuza chapati. Likapelekwa. Kule ndani, muuguzi wa presha, mtiifu kuliko nilivyotaka, akalipindua tena.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana wa ng'ambo ya barabara, nywele bado mbichi kwa maji ya kuoga. Benchi la mbele likaguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Leo mmewaita na wageni waje kutazama?" Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamjibu, "Acha, baba, wanajifunzia kwetu." Watu wakacheka, kile kicheko kinachouma.

Mfawidhi akamgeukia Sista. "Ndiyo marekebisho yenyewe haya?"

Sista alinitazama mimi, na niliona jinsi mambo yalivyoonekana kwake: mwanafunzi amempeleka hadharani akafedheheke mbele ya mkubwa wake. Fomu yangu niliiona ikitembea kuelekea mlangoni.

Palikuwa na njia ya kunyamaza. Muuguzi wa presha asingesema. Hakujua kama amefanya kosa. Mkufunzi alikuwa ameshafungua kalamu. Lakini Sista alikuwa amesimama pale mikono mitupu, na kosa halikuwa lake.

"Ni mimi," nikasema. "Sista amelipindua sawasawa. Nilikwenda kumwambia na mwenzake bila kumjulisha Sista, naye akalipindua tena. Likipinduliwa mara mbili linarudi lilipokuwa."

Mkufunzi akaacha kuandika. "Kwa nini uliwaambia wote wawili?"

"Sikumwamini mmoja," nikasema, na niliposikia maneno hayo nje ya kichwa changu yalikuwa mabaya kuliko yalivyokuwa ndani.

Mfawidhi aliangalia saa yake, akaangalia benchi. Akasema kama utaratibu unahitaji watu wawili kukumbuka kila siku nani apindue na nani asipindue, basi utaratibu huo utakufa siku mmoja wao akienda likizo. Kisha akaenda zake kwa wagonjwa. Alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo sentensi moja ya utawala niliyojifunza bila kitabu.

Mchana Sista aliondoka, akarudi na maboksi matupu ya dawa na mkasi, akavitua mbele yangu kwa kishindo.

"Kata."

"Nikate nini?"

"Namba. Moja mpaka sitini. Atakayefika anachukua kibao kilicho juu, anakibana kwenye daftari lake. Rundo lijipindue, liruke, licheze ngoma, namba haibadiliki. Na huyo wa presha haambiwi na wewe. Namwambia mimi."

Nikakata. Nilipofika sitini nilianza kuvihesabu upya, nikamwona ananitazama, nikaviacha.

Vibao vilianza kutumika wiki iliyofuata. Siku ya kwanza watu walivitilia shaka, siku ya pili mtu mmoja aliondoka na namba saba hadi nyumbani, siku ya nne benchi la mbele lilianza kuondoka kabla ya benchi la nyuma. Wa ng'ambo ya barabara walilalamika kwamba kituo kimeharibika.

Siku yangu ya mwisho Sista aliitoa fomu kwenye droo. Utaratibu unataka ijazwe kwa siri na kufungwa kwenye bahasha. Yeye aliijaza mbele yangu, kwa sauti, ili nisikie kila alama inavyoniuma.

"Kuwahi kazini. Tano."

"Asante, Sista."

"Kauli kwa wagonjwa. Nne."

"Sista, nimewapigia makofi mpaka viganja vimechubuka."

"Nne. Ushirikiano na watumishi." Akapiga kalamu mezani. "Mbili."

"Tatu, Sista. Nilikiri mbele ya mkubwa."

"Ulikiri baada ya kuniangusha. Mbili."

"Basi mbili na nusu."

"Fomu haina nusu." Akaandika tatu, akapuliza wino kana kwamba ungemkimbia. Chini palikuwa na mistari ya maoni, na hapo hakunisomea. Aliandika, akanigeuzia fomu nijisomee mwenyewe: *Ana maswali mengi na hamwamini mtu. Akihitimu, tunaomba aletwe hapa.*

Nikajumlisha alama kichwani. Zilitosha, na moja ikabaki.

"Ziko sawa?" akaniuliza, huku akilamba gundi ya bahasha.

"Ziko sawa, Sista," nikasema, na mara hiyo nilihesabu mara moja tu.