Kopo la Maua

Fundi Kopo aliwadharau watu wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alimwona kila asubuhi kwenye kioo cha ukutani akichana ndevu.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Humo mlikuwa na kitambaa cha buluu, stuli, koti la kuazimisha wateja ambalo kola yake ilishapauka kwa jasho la shingo za watu, na kompyuta iliyonguruma kila ikiwashwa. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa ameweka programu ya kusafishia picha aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Programu za wenzake humfuata mtu hadi kwenye unywele. Hii ilikata umbo la pande nne tu, utake usitake, na ulichokikata kilitoka mzima mzima, kikaacha peupe. Haikujua kumfuta mtu na kumjazia ukuta nyuma yake. Haikujua kurudi nyuma. Na kazi yoyote ikiisha, iliihifadhi juu ya picha ya kwanza bila hata kubisha hodi. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuiona programu ya Fundi Kopo. Yeye aliisonya kila siku, akaitukana yenyewe na ukoo wake, ila kununua nyingine, ng'o!

Badala yake akabuni kopo. Mlangoni pa studio palikuwa na kopo kuukuu la rangi lililopandwa maua ya majani mapana, jani moja limevunjika. Alilipiga picha. Tangu hapo, mteja akija na picha ya harusi na kusema, "Fundi, nitolee huyu," Fundi alilivuta kopo likarefuka mpaka kimo cha binadamu, akamfunika nalo mtu huyo kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Waliletwa wakwe waliotukana, marafiki waliogeuka, maharusi waliofungasha masanduku yao. Wote waliishia nyuma ya kopo lile lile, lenye jani lile lile lililovunjika.

Mtaa mzima ukalijua. Mgeni akiingia sebuleni akaona kopo limesimama katikati ya watu wenye suti, hakusifia maua. Alishusha sauti akauliza, "Hapa alikuwa nani?"

"Wapumbavu," Fundi alimwambia kinyozi jirani yake. "Mtu wanamficha, halafu wanamtundika ukutani!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwenyewe hakujihesabu kati yao. Mkewe alipochoka na ulimi wake, akambeba mtoto wao mchanga akarudi kwao, Fundi hakuwafuata. Alikuwa na picha moja ya familia: yeye kwenye stuli, mke amesimama kando amempakata mtoto. Aliitia kwenye kompyuta, ile ya karatasi akaichanachana, kisha akampiga mke makopo mawili, moja kichwani mpaka kifuani, jingine chini ya mtoto mpaka miguuni. Akalala usingizi mnono.

Miaka ikapita, mpaka asubuhi moja mwanamke mwenye kilemba cheusi akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa binti yake. Mama yake alizikwa mwezi uliotangulia, na Fundi hakuonekana mazikoni. Alisema kazi zimembana.

"Marahaba. Umekuja kunililia?"

"Nimekuja kuomba picha. Ile mama amenipakata. Tangu atoke kwako hakukubali tena kukaa mbele ya kamera, sina nyingine ambayo niko naye. Nataka nimwone, basi."

Fundi akabetua mdomo, akaifungua picha. Binti akaitazama, akasogea, akaitazama tena.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya makopo."

"Yatoe."

"Hayatoki. Hii programu ni takataka, mwanangu. Haina kurudi nyuma, ukishabonyeza ndiyo imetoka. Mimi nifanyeje?"

"Programu haikujibonyeza, baba."

Fundi akakohoa. Maji yakimwagika hayazoleki, alilijua hilo, lakini hakuzoea kuambiwa kwamba aliyeyamwaga ni yeye. Akatafuta ujanja, maana ujanja ndio uliomweka mjini.

"Si mnafanana? Kaa pale kwenye kitambaa nikupige, nikupachike pale alipokuwa. Nani atajua?"

Binti akasonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni. Katika studio ile aliyezoea kusonya alikuwa mwenye studio, na msonyo ule ulimchoma, akaona haya mbele ya mwanawe. Binti hakumtazama. Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, kidole chake kimegusa kiuno cha mtoto, pale kati ya kopo na kopo. Vidole vinne vya mtu mzima vilikuwa vimemshika mtoto, kimoja kina pete nyembamba.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa mama yako," Fundi alisema taratibu. "Ulinishinda. Ningeufunika, ningekufunika na wewe."

"Basi nikatie hapo. Mimi na mkono. Hayo mengine sitaki."

Fundi akamzungushia mtoto pande nne, akabonyeza. Programu ile ya kutukanwa ikakata safi, kama vile ilitengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Binti akaipokea picha ikiwa bado ina joto la mashine ya kuchapia, akaupapasa ule mkono kwa kidole gumba, akaitia mkobani.

"Kwaheri, baba."

Akaondoka. Fundi akageukia kompyuta, na kompyuta ilikwisha kuhifadhi. Mwanamume ameketi kwenye stuli, kifua mbele. Kando yake kopo juu na kopo chini, na katikati, alipokuwa mtoto, peupe.

Kinyozi akachungulia mlangoni kuomba kiberiti. Macho yake yakaangukia ile picha. Akayaona makopo, akauona weupe, akamtazama jirani yake, na akashusha sauti.

"Hapa walikuwa nani?"

Fundi Kopo akafungua kinywa amwite mpumbavu. Kisha akakifumba, akampa kiberiti.