Nusu ya Kitabu

Mkasi alikuwa mkata nguo, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu mbili: mkono wake na ulimi wake. Mdogo wake, aliyezishona nguo alizozikata yeye, aliitwa Uzi. Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili dirishani, meza ya kukatia, pasi, na rafu ya vitabu iliyowashangaza wote walioingia. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya aina moja tu: mikusanyo ya hadithi fupi za ajabu, za majitu, milima inayotembea, wanawake walioolewa na mvua. Riwaya hawakutaka hata kuziona. Mkasi alisema riwaya inakuganda wiki nzima, lakini hadithi fupi huisha kabla pasi haijapata moto.

Walisoma kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti, mwenzake akiendelea na kazi. Mteja akiingia katikati ya hadithi, alisubiri. Wapo walionuna wakaondoka, na wapo waliorudi na suruali isiyo na tatizo lolote, ili mradi wajue lile jitu limeishia wapi.

Halafu Uzi akapokea kazi ya sare za shule bila kumuuliza dada yake. Mkasi hana dogo. Akamwambia mbele za watu kwamba duka ni lake, na kwamba hata kutunga uzi kwenye sindano alimfundisha yeye. Kesho yake Uzi akaja na mkokoteni.

Wakagawana. Cherehani hii yako, hii yangu. Vifungo nusu kwa nusu. Vitabu kimoja kimoja. Mwisho kikabaki kimoja, kipya, ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua.

"Kichukue," Mkasi alisema.

"Sitaki huruma yako."

Basi Mkasi akafanya jambo ambalo mkata nguo pekee angelifanya. Akaupima unene wa kitabu kwa utepe, akatia chaki katikati, akaupasua mgongo wake. Hadithi zinaanzia wapi na kuishia wapi, hakutazama. Alitazama vipimo.

Uzi akafungua duka lake ng'ambo ya soko. Mkasi akaisoma nusu yake peke yake, kimyakimya, mpaka kwenye hadithi ya mchimba visima mmoja aliyekuta mlango chini kabisa ya kisima. Kuna mtu anabisha kutoka ndani. Mchimbaji amenyoosha mkono, ameshika kitasa, na hapohapo karatasi zikaisha.

Wiki ile Mkasi alikata koti lenye mikono miwili, yote ya kushoto. Alijiambia ni ile hadithi inayomsumbua. Uongo mtupu. Alichotaka ni mdogo wake arudi, ila kusema hivyo kulimshinda, na kuulizia mlango kulikuwa rahisi zaidi. Akatia nusu yake mkobani, akavuka soko.

"Karibu, dada," Uzi alisema, bila kuacha kushona.

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu, yule mchimba visima aliishia wapi?"

"Alifungua, akakuta dhahabu, akawa tajiri."

"Wee! Hadithi zote tulizosoma, umeona wapi ikaisha kivivu namna hiyo? Hujaisoma."

Uzi akacheka kwa shingo upande. "Sijaisoma. Nyingine nimezimaliza zote."

"Na hii?"

"Nianzie katikati, kwani nina wazimu? Mwanzo si unao wewe?"

Mkasi akapiga moyo konde. "Mdogo wangu, nilikukosea. Rudi dukani."

Cherehani ikanyamaza.

"Ulinikosea, na nimekusamehe. Lakini kurudi sirudi, dada. Hapa watu wananiita fundi."

Iliuma, tena iliuma sana. Mkasi alitazama chumba kile: sare zimetundikwa kwa mstari, mishono imenyooka, kila kitu kimepangwa kwa namna ambayo yeye asingeipanga. Akaitoa ile nusu mkobani.

"Basi nikuachie hii."

"Uniachie ya nini? Soma. Mimi nina kola za kumalizia."

Mkasi akatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti kimoja tu, na kilikuwa cha fundi. Mama mmoja aliyeleta zipu mbovu akasogea kumpisha, na Mkasi akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kusoma.