Uzi wa Besi Haukatiki Hivi Hivi

Mara ya tano mpiga besi aitwaye Nguzo alipoingia dukani na uzi uliokatika mkononi, Mama Nyuzi hakuitikia hata salamu. Aliuangalia uzi, akamwangalia mwenye uzi, kisha akageuka kuangalia kalenda iliyoning'inia nyuma ya kaunta.

"Wiki sita," alisema. "Nyuzi tano. Kaka, unapiga gitaa au unachanja nalo kuni?"

"Dada yangu, mimi nimekuja kwa heshima."

"Heshima iweke hapo juu ya kioo, nipe uzi."

Nguzo aliutoa. Ulikuwa ule mwembamba, kama wenzake wote wanne waliotangulia. Mama Nyuzi alipitisha ukucha juu ya waya uliozungushwa, taratibu, toka mwisho hadi mwisho. Mzungusho ulikuwa umekazana sawasawa, haukukwama popote. Uzi halali kabisa, uliokatwa katika ujana wake. Hilo ndilo lililomtia hasira. Ungekuwa bandia angejua la kufanya.

Jina la Mama Nyuzi hakupewa na wazazi. Lilimpata akiwa binti wa kufagia karakana ya fundi magitaa, ambako alikuwa akiokota vipande vya waya chini ya meza, akivinyoosha na kuwauzia wanaojifunza. Fundi alipogundua hakumfukuza. Alimkabidhi kabati zima la vipuri, maana aliona huyu ana jicho la biashara, na yeye mwenyewe hakuwa nalo. Miaka kumi na moja baadaye binti alikuwa na duka lake, la mlango mmoja na kuta tatu zilizojaa pakiti. Kuimba hakujui. Nyumbani akianza kuimba jikoni wanawe humwomba kwa adabu zote aache. Lakini umfumbe macho umpe uzi, atakuambia ni wa chuma gani, wa gitaa gani, na kama aliyekuuzia alikuwa mtu au mwizi.

Na jambo la kwanza alilojifunza katika kazi hiyo ni kwamba mpiga besi ni mteja asiye na faida. Mpiga solo hukata uzi kila baada ya wiki mbili tatu, akikasirika hata mapema zaidi. Mpiga besi akishanunua seti, utaonana naye kwenye misiba. Nyuzi zake nene kama kamba za kufungia mizigo hazikatiki, huzeeka tu. Hula jasho, hushika uchafu, sauti hufifia, na mwenyewe hukuambia kwamba hivyo ndivyo anavyoipenda. Kulikuwa na mmoja wa kanisani aliyepiga seti ile ile tangu bintiye alipoanza darasa la kwanza mpaka alipomwoza. Kwa hiyo Mama Nyuzi aliweka seti nne tu za besi kwenye rafu ya chini kabisa, na kila mwaka alizifuta vumbi. Nyuzi tano kwa wiki sita, kutoka mkono mmoja! Hayo hakuwahi kuyasikia.

"Bendini wanasemaje?" aliuliza.

Nguzo alikuna kisogo. Ni mtu mkubwa, mpana, mwenye sauti ya chini, na miaka ishirini na saba alisimama mahali pale pale nyuma ya mpiga ngoma bila kusogea, ndiyo maana wakamwita Nguzo.

"Kiongozi anasema ni bandia."

"Anasema wapi?"

"Mazoezini."

"Mazoezini tu?"

"Na... kwa watu wengine wa muziki. Unajua mdomo wake."

Mama Nyuzi aliujua vizuri sana. Asubuhi ile ile alikuwa amepigiwa simu na mwalimu wa muziki wa shule ya sekondari, mama mmoja mpole, ambaye kwa miezi mitatu walikuwa wakizungumza habari ya vyombo vyote vya kwaya ya shule: magitaa, kinanda, ngoma, nyuzi za akiba. Duka halijawahi kupata mteja wa namna hiyo. Bendi ya Nguzo ilikuwa ikifanyia mazoezi katika ukumbi wa shule hiyo hiyo, na mwalimu alikuwa amesikia kwa masikio yake.

"Mama, mimi sikuhukumu," mwalimu alikuwa amesema. "Lakini nikinunua vitu vya shule halafu vikakatika, mkuu wa shule ataniuliza mimi. Nipe uhakika kabla ya kesho. La sivyo nitaenda kule kwingine."

Kwingine! Kule kwingine ndiko walikouza bandia, tena bila hata kuficha.

"Leo mna mazoezi?" alimuuliza Nguzo.

"Saa tisa. Lakini dada, usijisumbue..."

"Mimi nimeshasumbuliwa."

Saa nane na nusu alifunga duka. Jirani yake, fundi cherehani, alitoka mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. "Umefiwa?"

"Bado. Ila nikimkuta na kosa, kuna mtu atafiwa."

Ukumbi wa shule ulikuwa mrefu, viti vimebebanishwa pembeni, nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi. Kiongozi wa bendi alikuwa akimfokea mpiga ngoma. Alipomwona Mama Nyuzi alifungua mikono kama mtu anayepokea mgeni wa harusi.

"Karibu, karibu! Umekuja kuchukua taka zako?"

"Nimekuja kuona zinavyotengenezwa," alijibu. "Sogeza mguu, umekanyaga waya."

Mwalimu alikuwa ameketi karibu na dirisha akisahihisha madaftari. Aliinua kichwa, akaacha kusahihisha.

Mama Nyuzi alimwomba Nguzo gitaa. Nguzo alisitasita, akalitoa kama mama anayetoa mtoto achomwe sindano. Kwanza Mama Nyuzi aliangalia kile chuma cha chini ambacho nyuzi hulalia. Penye ncha kali, uzi husagwa kidogo kidogo hadi ukatike, na fundi wake wa zamani alimfundisha kuitafuta kwa pamba. Alitoa pamba kwenye mkoba, akaipitisha juu ya chuma, kila mfereji. Pamba haikunasa hata unyoya. Akapitisha juu, karibu na vigingi vya kukazia. Laini kama sahani.

"Unaona?" alisema kiongozi. "Gitaa halina kosa. Mkono wa Nguzo hauna kosa. Kwanza huyu ndiye mtu pekee humu ndani mwenye akili. Nilipowaambia tupandishe nyimbo zote hatua tatu kwa ajili ya sauti ya mpwa wangu, hawa wengine walinilia wiki nzima. Nguzo alikuja kesho yake anapiga zote bila kosa. Kesho yake! Mfano wa kuigwa!"

"Mjomba, anza basi, sauti inapoa," alisema mpwa, binti mrefu aliyekuwa akinywa maji ya moto kwenye chupa.

Mama Nyuzi hakuwa akisikiliza sifa. Alikuwa ameinua gitaa usawa wa jicho, kama fundi seremala anavyoangalia ubao, na akaona shingo imepinda. Imepinda kama mtu aliyebeba gunia.

"Zilipandishwa lini hizo nyimbo?" aliuliza polepole.

"Wiki sita. Saba hivi."

Aliingiza tena mkono kwenye mkoba, akatoa kipima sauti, kile kidude cha kubana kichwani mwa gitaa ambacho huonyesha herufi ya kila uzi. Vidude hivyo anaviuza, matumizi yake anayajua kwa sababu ya maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi. Na kwenye pakiti ya nyuzi za besi, nyuma, imeandikwa wazi: huu mwembamba ni G. Alikibana, akaugusa uzi wa nne, ule mwembamba, wa akiba, ambao Nguzo alikuwa ameufunga muda mfupi uliopita.

Kidude hakikuandika G. Kiliruka A, kikaandika B, na kando yake alama ndogo ya kushuka kidogo: hatua tatu ndogo juu ya G.

Aligusa wa pili. Nao umepanda hivyo hivyo. Wa tatu. Wa kwanza.

Nguzo alilipokonya gitaa. "Hicho kidude kibovu. Dada, njoo nikuonyeshe kitu huku nje."

Huko nje kulikuwa korido yenye makabati ya vitabu na harufu ya chaki. Nguzo alisimama akitazama viatu vyake.

"Umezikaza," alisema Mama Nyuzi. "Zote nne. Hatua tatu juu."

Nguzo alisugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Wenzako walisogeza mikono. Wewe umekaza nyuzi ili mkono ubaki palepale."

"Dada yangu..."

"Uzi unavutwa karibu nusu zaidi ya nguvu uliyotengenezewa, halafu unaniletea mimi unasema umekatika! Na mimi, mjinga, ule wa kwanza nikakubadilishia bure na pole nikakupa!"

"Nisikilize basi." Nguzo aliteremsha sauti. "Nyimbo zile nimezipiga miaka ishirini na saba. Nusu yake zinasimama kwenye uzi mtupu, usioshikwa. Ukisogea juu, uzi mtupu haupo, lazima ushike, lazima vidole vijifunze upya kila kitu. Mimi sijui huko juu. Sikuwahi kwenda. Usiku ule nilijaribu, nikatoka jasho. Asubuhi nikakaza tu, nikasema nitajifunza pole pole. Halafu yule mtu akanisimamisha mbele ya wote, akasema mfano wa kuigwa. Ningesemaje?"

"Ungesema."

"Anataka kumpa mpiga kinanda besi, apige kwa mkono wa kushoto. Ameshasema mara mbili. Akijua hili, mimi nakwenda nyumbani."

Mama Nyuzi alimtazama. Mtu mwingine labda angelegea hapo. Yeye alifikiria mwalimu aliyekuwa dirishani, na duka lake la kuta tatu.

"Sikia, kaka. Mimi naweza kuingia mle ndani niseme mwenyewe. Kidude ninacho, shingo imepinda, hata kipofu ataipapasa. Nikisema mimi, wewe ni mwongo aliyekamatwa. Ukisema wewe, ni mtu mzima aliyekiri. Bei ni hiyo, sina ya chini yake."

"Nipe mpaka Jumapili. Nijifunze kwanza, halafu..."

"Mwalimu anaamua kesho."

"Basi sema zilikuwa mbovu kidogo. Tano tu. Pakiti moja mbaya."

"Kaka!" alisema, hata mwanafunzi aliyekuwa akipita akageuka. "Unataka nijiuze mimi ili wewe usione haya?"

Nguzo alivuta pumzi, akapandisha mkanda wa gitaa begani, akaingia. Mama Nyuzi alimfuata kwa karibu, asije akapata njia ya pembeni.

"Kiongozi," alisema Nguzo katikati ya ukumbi, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba wote walinyamaza ili waisikie. "Nyuzi za mama huyu hazina kosa. Nilikuwa nazikaza kupita kiasi, ili nipige vile vile nilivyozoea. Huku juu sijui kupiga."

Kiongozi aliinamia shingo ya gitaa, akaitazama. "Wiki saba?"

"Wiki saba."

"Na mimi nikawaambia hawa wakuige!"

"Ulituambia kila siku," alisema mpiga solo. "Mimi nilitaka kuacha bendi."

"Kinanda!" kiongozi alipaza sauti. "Besi unaichukua wewe. Mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto wangu una kazi zake," alijibu mpiga kinanda bila kuinua kichwa. "Na wa kulia pia. Nilikuambia mwezi uliopita. Mfundishe mzee, usinifanye mimi kuwa watu wawili."

Mpwa alifunga chupa yake ya maji. "Mjomba, zile mbili za polepole naweza kuimba chini kama zamani. Zilikuwa zikinichosha hata hivyo. Zilizobaki babu Nguzo ajifunze."

Kiongozi alimgeukia kila mmoja akitafuta wa kumuunga mkono, hakumpata. Alimwambia Nguzo alegeze nyuzi hizo mara moja kabla shingo haijavunjika, na Nguzo akachuchumaa kwenye kona akazungusha vigingi, mgongo umegeukia ukumbi. Nyuzi zilikuwa zikishuka kwa mguno.

Mwalimu alikuwa ameshamsogelea Mama Nyuzi. "Kwa hiyo, mama, kumbe..."

"Kumbe," alisema Mama Nyuzi.

"Basi nitakuja kesho na barua ya shule. Nisamehe, nilisikia vibaya."

"Wewe hukusikia vibaya, mwalimu. Uliambiwa vibaya." Akamgeukia kiongozi, aliyekuwa ameanza kujishughulisha na waya wa spika. "Baba, bado wewe."

"Mimi tena? Nyuzi ni safi, nimekubali. Yameisha."

"Kwangu hayajaisha. Uliwaambia wangapi?"

"Aa, mama, maneno ya kupita tu. Siku nikikutana nao nitawaambia."

"Wangapi?"

"Watatu. Wanne."

"Saba," alisema mpiga solo.

"Nitawatumia ujumbe jioni."

"Ujumbe watasoma nusu. Ulipotangaza ubandia ulitumia mdomo."

"Jumamosi basi, kwenye sherehe, nitasema kwenye kipaza sauti."

"Jumamosi watakuwa wanakula. Simu iko mfukoni, naiona." Mama Nyuzi alivuta kiti kimoja kutoka kwenye lundo la pembeni, akakiweka mbele yake, akaketi, mkoba mapajani. Kule kona, Nguzo alikuwa ameanza kutafuta noti huko juu shingoni, akikosea, akiguna, akirudia. "Duka nimeshalifunga. Nina muda wote."

Kiongozi alitazama dari. Halafu akatoa simu, akabonyeza.

"Halo! Ndugu yangu, habari za kazi? Sikia, ile habari ya nyuzi niliyokuambia... ile ndiyo. Sasa imeonekana..."

"Taja duka," alisema Mama Nyuzi. "Na weka sauti kubwa, nisikie anavyojibu."