Mnyamwezi Aliyekufa Mbele ya Gari la Bibi Harusi

Sisi wapishi wa shughuli hatuwapendi wapiga picha. Wanakuja wa mwisho, wanakula wa kwanza, na pilau ikishaiva wanataka nifunue sufuria na kufunika mara tatu ili wapate moshi wao. Mashaka peke yake ndiye ninayemwekea ukoko.

Mashaka ni Mnyamwezi wa Urambo, mrefu, mwenye kipara na miguu mikubwa ambayo fundi viatu wa hapa Chamazi anaiogopa. Studio yake ni chumba kimoja pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Ukutani amewatundika watu wa mtaa mzima: maharusi, wali wa unyago siku ya kutolewa nje, watoto wa madrasa kwenye Maulidi, kina mama wa kikundi chetu na sare zao. Wote wanacheka, tena kile kicheko cha mtu aliyesahau kwamba anapigwa picha. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, lakini shughuli ikipangwa hapa, likishapatikana turubai na mpishi, anayetafutwa ni yeye.

Anachotumia ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao wakishuka pwani na mizigo kichwani, sisi tukiwapokea kwa maji na maneno. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele za watu, hata msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Basi Mashaka akimsimamisha mzee wa Kizaramo mbele ya kamera, hamwambii acheke. Anamwambia, "Mzee, ngoma bado haijaanza, sasa hayo magoti yanacheza nini?" Mzee anafungua kinywa amjibu, na picha imeshapigwa.

Wanamwita hadi Kibamba kwenye kipaimara, hadi Tegeta kwa Wachaga wanaokata ndafu, yule mbuzi wao wa kuchomwa mzima. Huko hana watani. Anarudi na picha safi, watu wamesimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa, na wenyewe wanazifurahia. Yeye ndiye hazifurahii.

"Nzuri, dada Munira," ananiambia, "ila wote wamenyamaza."

Mtaani kwetu mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni Bi Hamisa. Huyu ni bibi wa Kizaramo halisi, mdomo wake hauna breki, na hakuna mwali wa hapa aliyetolewa ndani bila yeye kuongoza ngoma. Lakini mwonyeshe kamera uone. Anafunga mdomo, anakaza shingo, anakodoa macho kama yuko kituo cha polisi. Watu walidhani anaficha mapengo. Siku moja tukichambua mchele nilimuuliza, akanijibu bila kuinua kichwa.

"Picha ya bibi kizee ina kazi moja tu, mwanangu. Siku nikifa itakuwa pale ukutani, watu wanakuja msibani wanaitazama. Sasa wao wanalia, mie pale nachekelea? Si watasema Hamisa kafurahi kutuacha?"

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Mwaka jana mjukuu wake Talha akaposwa. Talha amelelewa na bibi huyo tangu hajaota meno, wamelala chumba kimoja hadi amekuwa mwanamke mzima. Bwana harusi, Anwar, kijana mpole, anafanya kazi Kigoma, na kesho yake baada ya harusi walikuwa wapande treni kwenda huko. Wiki moja kabla, Talha alikuja studio. Mimi nilikuwepo, nimepeleka ukoko.

"Kaka Mashaka, mie mapambo sijali, keki sijali," alisema. "Nataka picha moja tu ya bibi anacheka. Kwenye simu ninazo kibao, zote kanuna. Nikiwa kule nikamkumbuka, nitakuwa naona ananigombeza tu."

Aliongea kwa kutabasamu, lakini machozi yalikuwa karibu. Mashaka akakubali haraka mno.

"Kaka, kwa huyo umejipalia makaa," nilimwambia Mashaka, Talha alipotoka.

"Dada, mie sijawahi kushindwa na Mzaramo."

Siku ya harusi ikafika. Turubai limefunga njia, matarumbeta yanalia, sisi kina mama tumevaa zambarau kuanzia kilemba mpaka kandambili. Mashaka akamwendea Bi Hamisa asubuhi mapema, kamera mkononi.

"Shikamoo mtani wangu. Umependeza mpaka nikadhani bibi harusi ni wewe, nikamwonea huruma bwana harusi."

Watu wakaangua kicheko. Bi Hamisa kakaza uso, kimya, kama kachongwa. Alingoja mpaka kamera iliposhushwa, ndipo akafungua mdomo.

"Marahaba, mpagazi wangu. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora kwa miguu. Wewe leo unabeba hako kadude, tena umekavaa shingoni kama kengele ya mbuzi, na jasho linakutoka!"

Jamani! Mashaka alicheka mpaka picha iliyofuata ikatoka ya miguu yake mwenyewe. Na ndivyo ilivyokwenda kutwa nzima. Anarusha neno, bibi anafunga mdomo. Anashusha kamera, bibi anammaliza. Ilipofika alasiri, nilimwona Talha akichungulia dirishani na hina yake mikononi, amenyong'onyea. Nikampelekea Mashaka ukoko. Akaukataa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

"Dada Munira, una shuka jeupe?"

"La nini?"

"Nataka kufa."

Nikampa lile la kufunikia masinia.

Saa ya kumtoa bibi harusi, Talha aliingizwa kwenye gari lenye maua, vigelegele juu, matarumbeta mbele. Dereva akawasha gari, lakini halikwenda. Mbele yake, katikati ya njia, Mashaka amelala chali, kafunikwa shuka gubigubi, ile miguu yake tu iko nje. Hiyo ni haki ya mtani: anaweza kuzuia safari ya bibi harusi mpaka wenye shughuli wampooze kwa zawadi. MC akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba tumepatwa na msiba, kuna Mnyamwezi amekata roho.

Khalfani, mjomba wa Talha, akaleta sinia la pilau akaliweka kifuani kwa marehemu. Marehemu hakutikisika. Akaleta kuku mzima. Wapi!

"Huyo anamtaka mwenye ukoo!" mtu akapiga kelele.

Bi Hamisa akapita katikati yetu na bakora yake, kanga kaifunga kiunoni. Akalitazama lile shuka kidogo, kisha akatupa bakora na kujishika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwiii! Mpagazi wangu kafa! Nani atanibebea kuni mie? Nani atamalizia makoko ya Munira? Watu wa Tabora, njooni mchukue miguu yenu, jeneza la msikiti wetu haliitoshi!"

Kina mama tukapokea kilio. Talha mwenyewe akashuka garini, mtandio juu juu, akaja kusimama nyuma ya bibi yake. Bi Hamisa akapiga magoti kando ya maiti, akaendelea kuomboleza, na katikati ya kuomboleza kicheko kikamshika. Alicheka mpaka kanga ya kichwa ikateleza, mapengo yote nje, machozi yanamtoka. Akashika shuka, akalifunua ili amwone marehemu vizuri.

Chini ya shuka kulikuwa na kamera, nayo ikalia hapo hapo, kacha.

Mashaka akaketi polepole, pilau imemwagika mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Akampa bibi kamera, atazame kioo chake. Nami nikachungulia. Uso wa bibi umejaa picha nzima, mdomo wazi, na juu ya bega lake Talha naye anacheka vilevile, kana kwamba kicheko ni kimoja wamegawana.

"Mtu mzima unanivizia ndani ya sanda," Bi Hamisa alisema.

"Nisamehe, bibi. Nitaifuta."

"Ifute uone, nikuzike kweli." Akamvuta Talha karibu, akamfuta wanja uliochuruzika. "Hii nenda nayo, mama. Na mie anitolee kubwa, niiweke ukutani."

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, si ulisema ya ukutani ni ya msibani?"

"Ndiyo hiyo ya msibani. Siku yangu ikifika, acheni hiyo hiyo. Watani wakija kunitania, wakute nimeshaanza kuwacheka."

Matarumbeta yakaanza tena. Gari likaondoka, Talha akipunga mkono dirishani mpaka kona ya msikitini. Mashaka alikuwa bado kaketi njiani, analia bila aibu, anajifuta uso kwa shuka langu la masinia, nami sikumgombeza.