Patupu pa Mtungini

Juzi, kwenye runinga ya mjukuu wangu, mwanasayansi mmoja aliulizwa kwa nini ulimwengu upo, badala ya kuwa patupu tu. Alikuna kichwa, akasema hajui. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka begani.

Nilikuwa mtoto wa Temeke mwalimu wetu alipotuambia kwamba kabla ya dunia palikuwa patupu. Nilidhani patupu ni mahali, na mchana ule nikaenda kupatafuta. Niliulaza mtungi wa mama, nikamwaga maji yote aliyoyateka alfajiri, kisha nikaweka uso mdomoni mwa mtungi. Ndani mlikuwa na giza, ubaridi wa udongo na harufu ya ubani, maana mama aliufukiza kila alipouosha. Niliita, sauti yangu ikanirudia ikivuma.

"Wewe, unatafuta nini humo?" Mama alikuwa amesimama kwenye tope langu.

"Patupu, mama. Sipaoni."

Nilingoja kofi. Mama aliinama, akaweka uso wake mtungini, akakaa hivyo kitambo.

"Kweli," alisema akiinuka. "Humu mmejaa."

Kisha akanipa debe nikateke upya. Nilikwenda kisimani kichwa juu, mtoto wa kwanza Temeke nzima kutafuta patupu na kupakosa.