Maji ya Baraka Ndani ya Kalibu

Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Hatukuwa na ugomvi. Babu zetu waliletwa Likasi kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, wakaja na heshima yao: mwanaume hamgusi mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hamsemeshi ila kupitia mtu mwingine. Akipita, unageukia ukuta. Kuta za mtaa wetu nazijua vizuri sana.

Nilikuwa mtu wa maabara kwenye kiwanda cha shaba. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye aliamua kuyeyusha aluminiamu ya injini kuukuu na kutengeneza sufuria uani kwa mama yake. Alifukia sufuria ya mfano kwenye mchanga, akaitoa, ikabaki nafasi tupu yenye tundu juu. Hiyo ndiyo kalibu. Nilimwonya jambo moja tu: humo ndani kusituame maji.

"Weye na sayansi yako!" akasema. Lakini aliukausha mchanga.

Jumapili ya sufuria ya kwanza tulikusanyika baada ya misa. Mama mkwe alikuja na chupa ya maji ya baraka aliyoihifadhi tangu Pasaka. Mimi, kama kawaida, nilikuwa nimeelekea ukutani. Nikasikia sala, kisha nikasikia chupa ikimiminwa. Hakunyunyiza. Aliona mtoto wake anastahili baraka nzima, si matone.

Nikageuka. Shemeji alikuwa anakuja na chungu cha aluminiamu iliyoyeyuka kwenye koleo. Mama yake alikuwa amepiga magoti karibu kabisa na tundu, anataka kuona.

"Acha! Kuna maji!"

"Ni ya baraka, shemeji," akajibu, akaanza kuinamisha chungu.

Mama mkwe aliinua macho. Tukatazamana. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasita. Anayemgusa mama mkwe wake hulipa mbuzi wa aibu, na kwa muda wa pumzi moja nilimuwaza yule mbuzi.

Kisha nikamkamata kiunoni, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye majivu. Kalibu ikalipuka nyuma yetu. Mchanga na metali viliruka hadi kwenye bati la paa. Shemeji alikuwa amevaa aproni ya ngozi, akapoteza nyusi tu. Tone moja lilinipata nyuma ya mkono, na kovu lipo hadi leo.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa shangazi wa mke wangu. "Yoo! Amemukumbatia mukwe wake!"

Familia ilikaa kikao jioni hiyo hiyo, nikatozwa mbuzi. Nilikasirika, sifichi. Nimeokoa uso wa mtu, halafu mbuzi juu! Lakini nilimleta.

Siku ya kumla, mama mkwe alikaa akinipa mgongo, mke wangu katikati yetu.

"Umuulize," alimwambia binti yake, "maji ya Mungu ilikosa nini?"

Nikaeleza. Chembe za maji zinashikana, ndiyo maana yanatulia ndani ya chupa. Zikipata moto wa kutosha zinaachana, zinakuwa mvuke, na mvuke unataka nafasi mara elfu na zaidi. Jikoni unainua kifuniko taratibu. Chini ya aluminiamu iliyoyeyuka zinaachana zote kwa mpigo, njia ya kutokea hakuna, basi zinairusha metali. Maji ya kisimani yangefanya vilevile.

Mke wangu aligeuza yote hayo kuwa maneno manne: "Anasema maji ilitaka kutoka."

Mama mkwe akatafuna kipande cha nyama.

"Na pale aliniangalia, alikuwa anawaza mbuzi?"

Mke wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Anasema ndiyo, mama."

"Umuambie, siku ingine asiwaze mbuzi. Anikamate mbiyo."