Ncha ya Sindano

Yule fundi cherehani walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Mteja angeeleza suruali yake mpaka koo limkauke, naye angejibu kwa kutikisa kichwa tu na kunyoosha futi. Aliyemsemea ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, aliyekaa kwenye cherehani ya pili.

Asubuhi ile shemeji alikuwa anatia zipu kwenye jinzi. Kitambaa kilikuwa kinene, kikagoma, akakisukuma kwa kidole, na sindano ikashuka juu ya ukucha. Ikakatika. Damu ikachuruzika mpaka mezani.

Kila fundi anajua: sindano ikimchoma mtu ikakatika, kabla ya jambo lolote unatafuta vipande na kuviunganisha mpaka sindano itimie. Kimya hakutafuta. Alitoka mbio hadi nyuma ya ukuta, panapoota kishonanguo, lile gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania suruali za wapita njia. Akachuma majani machanga, akayafikicha viganjani mpaka yakatoa maji ya kijani, akayakamulia kidoleni na kufunga kwa kipande cha bitana. Bibi yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Damu ikakata palepale.

"Kumbe jani lenyewe ni la ukoo wenu," shemeji alisema, uso bado umekunjamana. "Likichoka kushona nguo linashona watu."

Muuza vifungo wa jirani akaja kutazama, na nyuma yake wengine. Mmoja akauliza habari za kikohozi. Kimya akajikuta anajibu: unachemsha majani, unakunywa yakiwa moto. Na tumbo la kuharisha? Hayohayo, ila mepesi. Jipu je? Unaponda, unabandika. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile mbele za watu, na watu wakamsikiliza. Raha ilimzidi hata akasahau pasi juu ya shati la mtu.

Jioni, shemeji alipokwisha kuondoka, Kimya alilegeza skrubu ya ile cherehani ya pili ili abadilishe sindano. Kikamwangukia mkononi kipande cha juu peke yake. Akapitisha sumaku sakafuni, akakung'uta jinzi, akafungua cherehani mpaka kwenye bobini ya uzi wa chini. Akapata pini tele. Ncha hakuna.

Alijua ilipo. Akajiambia labda imefagiliwa.

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa kama nyanya.

"Dawa inavuta uchafu, sivyo?" shemeji aliuliza. "Niwekee mengine basi, daktari wangu."

Hapo ndipo angesema. Lakini muuza vifungo alikuwa amesimama mlangoni na dada yake mwenye kikohozi, wanasubiri majani. Kimya akaenda nyuma ya ukuta, akachuma, akarudi, akakifunga kidole upya. Mikono ilifanya kazi safi kama siku zote, ila macho hakuweza kuyainua.

Mchana mkasi ukamponyoka shemeji. Akauokota kwa mkono wa kushoto bila utani wowote, wala hakumtuma mtu. Kimya alishindwa kuvumilia.

"Shemeji, ncha imo ndani."

"Ncha gani?"

"Ya sindano. Sikuitafuta. Damu ilivyokata nikaona nimemaliza."

"Umejua lini?"

"Jana jioni."

Shemeji akakitazama kile kitambaa kidoleni. "Na leo ukanifunga tena."

"Nilikufunga."

Shemeji akatangulia kwenda zahanati, Kimya nyuma yake. Nesi alifungua, akabonyeza kidogo, usaha ukatoka. Akasema majani hayana kosa, yamefunga mlango vizuri sana, tatizo mwizi alikuwa bado yumo ndani. Kidole kitapasuliwa. Kukunjika kama zamani, hakuahidi.

Shemeji alipoitwa aingie, akageukia benchi. "Dada yangu yuko njiani. Mimi simwambii kitu. Utamwambia mwenyewe."

Mke wa Kimya akafika anahema, unga bado umemganda kwenye vidole. Akamshika bega.

"Asante, baba watoto. Muuza vifungo kaniambia, bila majani yako mdogo wangu angeishiwa damu palepale."

Kimya akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa kwanza, mama," akasema. "Hayo majani ndiyo nataka nikueleze."